Aibu ya hadharani na ukahaba: kulinganisha mifumo mitano ya sheria kabla hujachagua upande

Saa tano za usiku mwanamke amesimama kwenye kona ya barabara, mkoba begani, simu mkononi. Ndani ya mkoba mna kondomu tatu. Hajazungumza na mtu yeyote. Je, ametenda kosa?

Waulize watu kumi utapata majibu kumi, na sheria za dunia nazo hazipatani. Kuna miji ambako askari angemkamata kwa kule kusimama tu. Kuna miji ambako angempita kama hamwoni, akamngojea mwanamume atakayesimamisha gari. Kuna mji uliomwekea mashine ya tikiti, mithili ya ile ya maegesho. Na kuna nchi ambako mwanamke huyo huyo angeweza kumshtaki bosi wake kwa kumsumbua kingono kazini, na akashinda.

Makala hii ni ya aliyekwama katikati: diwani aliyeletewa rasimu ya sheria ndogo, mwanafunzi anayejiandaa kwa mdahalo, mkazi aliyeombwa kutia sahihi kwenye barua ya malalamiko, mtumishi wa afya aliyetakiwa kutoa maoni. Sina nia ya kukuamulia kama ukahaba ni dhambi, kazi au dhuluma. Ninacholinganisha ni namna sheria zinavyofanya kazi zikishatoka kwenye karatasi na kushuka barabarani.

Nimepima kwa nini

Kila mfumo nimeuuliza maswali manne. La kwanza, na kwangu ndilo zito kuliko yote: askari anahitaji kuona nini ndipo akamate? La pili: mtaa unapata nafuu gani ya kelele, ya magari yanayozunguka-zunguka, ya kondomu zilizotupwa mlangoni kwa mtu? La tatu: anayeuza akipigwa au akiibiwa, anaweza kwenda kituoni bila kugeuzwa mshtakiwa? La nne: halmashauri inabebeshwa kazi gani, na inaimudu?

Ukubwa wa adhabu sikuufanya kigezo. Adhabu ndiyo inayopamba vichwa vya habari, lakini kifungo cha miaka mingi juu ya kosa lisilothibitika hakimfungi mtu, na faini ndogo juu ya kosa linalothibitishwa kwa jicho la askari pekee inatosha kujaza mahabusu kila Ijumaa.

Yako pia mambo ambayo mifumo yote mitano inakubaliana, kwa hiyo usipoteze muda wa mdahalo kuyabishania. Kumtumia mtoto, kulazimisha na kusafirisha binadamu kwa hila au nguvu ni jinai kila mahali.

Aibu ya hadharani si ukahaba

Rasimu nyingi huyaweka mambo haya mawili kwenye kifungu kimoja, na hapo ndipo mkanganyiko unapoanzia. Aibu ya hadharani inahusu mahali na macho ya watu. Ukahaba unahusu makubaliano ya malipo, hata yafanyike kwenye chumba kilichofungwa kwa komeo. Mke na mume wakilaliana kwenye bustani ya umma mchana kweupe wametenda aibu ya hadharani, na hakuna aliyemlipa mwenzake. Kahaba aliyekaa chumbani kwake na mteja hajamwonyesha mtu wa nje chochote.

Sheria hufafanua aibu kwa njia tatu. Ya kwanza hutazama nia. Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya Uingereza ya 2003, kifungu cha 66, inataka mtu awe ameonyesha sehemu zake za siri kwa makusudi, na awe amekusudia kwamba atakayeziona ashtuke au afadhaike. Anayeoga uchi ufukweni bila nia ya kumtisha yeyote hatendi kosa hilo. Ujerumani nayo ina kifungu cha 183 cha kanuni yake ya adhabu, chenye jambo ambalo wanafunzi wa sheria hawaishi kulicheka: mtenda kosa anatajwa kuwa mwanamume. Mwanamke akifanya kitendo kile kile, itafutwe sheria nyingine.

Njia ya pili hutazama mwili wenyewe, nia au isiwepo. San Francisco, mji uliosifika kwa kuvumilia kila kitu, ulipitisha marufuku ya uchi mitaani mwezi Novemba 2012 kwa kura 6 dhidi ya 5, na ukaacha nafasi kwa maandamano yenye kibali. Barcelona ilifanya hivyo 2011 kwa sheria ndogo ya jiji, ilhali sheria ya taifa ya Hispania haiuhesabu uchi pekee kuwa jinai. Fasili ya namna hii ni rahisi kutekeleza: aidha mtu amevaa au hajavaa.

Njia ya tatu hutazama hisia za jamii, kwa maneno kama "kinyume cha maadili" au "isiyo ya staha", bila kusema zaidi. Njia hii ndiyo inayonitia hofu. Uganda ilipopata Sheria ya Kupinga Ponografia mwaka 2014, watu waliibatiza jina la sheria ya vimini, na muda si mrefu makundi ya wanaume yakawa yanawavua wanawake nguo barabarani kwa madai ya kuitekeleza. Mahakama ya Katiba ilibatilisha vifungu vyake muhimu Agosti 2021. Sheria ikiacha neno wazi, kila mpita njia anajipa uaskari.

Kwa hiyo fahamu hili mapema: ikiwa tatizo lako ni watu kufanya ngono mahali wanapoonekana, fasili nzuri ya aibu ya hadharani inakutosha, na inaweza kukaa pamoja na mfumo wowote kati ya mitano ifuatayo.

Mfumo wa kwanza: marufuku kwa wote

Hapa kuuza ni kosa, kununua ni kosa, na ukuwadi ni kosa. Karibu Marekani yote iko humu, isipokuwa baadhi ya kaunti za Nevada, na jimbo la Maine ambalo tangu 2023 halimwadhibu anayeuza.

Watetezi wa mfumo huu wana hoja ya kweli: sheria inasema waziwazi jamii imesimama wapi, na polisi wanapata mlango wa kuwafikia makuwadi kupitia kesi ndogo. Lakini rudi kwenye swali la kwanza. Makubaliano ya faragha hayaonekani. Ili kuyathibitisha anahitajika askari kanzu ajifanye mteja, avute maneno, afike kwenye bei, kisha atoe pingu. Ni kazi ya gharama, na mahakamani huzua ubishi kuhusu nani alianza. Ndiyo maana nchi na majimbo ya marufuku huongeza kosa la pili: kuzurura kwa nia ya ukahaba. Kwa kosa hilo hakuna haja ya makubaliano. Panatosha mavazi, saa, kona, kumpungia dereva mkono, au zile kondomu tatu.

New York ilikuwa na kifungu cha namna hiyo tangu 1976. Kilifutwa Februari 2021, baada ya malalamiko ya miaka mingi kwamba kilikuwa kikiwanasa wanawake weusi na watu waliobadili jinsia kwa jinsi walivyovaa na mahali walipopita. California ilikifuta cha kwake kuanzia 2023, na kwa sheria iliyopitishwa 2019 ilikwisha kukataza kondomu kutumiwa kama ushahidi. Fikiria maana ya kielelezo hicho mezani kwa hakimu. Wizara moja inagawa kondomu bure, nyingine inamshtaki aliyezipokea.

Kwa mtaa, marufuku huleta nafuu ya haraka. Msako ukifanyika kona huwa safi kwa wiki mbili tatu, kisha watu hurudi au huhamia kona ya pili. Kwa anayeuza, hali ndiyo mbaya kuliko mifumo yote, maana kuripoti kipigo ni kukiri kosa, na rekodi ya jinai humfuata hata anapotafuta kazi nyingine. Rhode Island ilitoa jaribio lisilopangwa: kwa miaka kadhaa hadi 2009 sheria yake ilikuwa na pengo lililoacha biashara ya ndani ya nyumba isiwe kosa. Wachumi Scott Cunningham na Manisha Shah walipochambua kipindi hicho waliona ubakaji ulioripotiwa na kisonono kwa wanawake vimepungua. Waliona pia kwamba biashara yenyewe ilipanuka. Kila upande wa mdahalo hunukuu nusu inayoupendeza.

Mfumo huu unamfaa anayeamini kazi kuu ya sheria ni kutamka msimamo, na aliye tayari kulipia misako, mahabusu na kesi za askari kanzu mwaka hadi mwaka.

Mfumo wa pili: kuuza si kosa, kila kinachouzunguka ni kosa

Mfumo huu ndio unaowachanganya watu wengi, pamoja na wanaoishi ndani yake. Mtu atakuambia kwa uhakika kwamba nchini kwake ukahaba umepigwa marufuku. Ukifungua sheria, huoni kifungu kinachosema kuuza ngono ni kosa. Unachokuta ni kuishi kwa mapato ya ukahaba, kuendesha danguro, kushawishi wateja barabarani, na kuzurura.

Uingereza ni mfano wake wa shule. Mwanamke mmoja anayepokea wateja peke yake kwenye nyumba yake havunji sheria. Wawili wakifanya hivyo chini ya paa moja, hata kwa zamu, ili mmoja amlinde mwenzake, nyumba inaweza kuhesabiwa danguro. Sheria inayodai kuwalinda inawasukuma kukaa peke yao usiku! Italia imekuwa humu tangu sheria ya Merlin ya 1958 ilipofunga madanguro yaliyokuwa na vibali vya serikali. India, kwa sheria yake ya 1956, inakataza ukahaba karibu na mahali pa umma, kwa kipimo cha mita 200 kutoka nyumba za ibada, shule na hospitali. Ukisoma ramani ya jiji lolote la India utaona ni eneo gani linabaki.

Wazo la msingi lilielezwa vizuri na kamati ya Wolfenden, iliyoundwa na serikali ya Uingereza, katika ripoti yake ya 1957: sheria ilinde utulivu wa barabara, isichungulie chumbani. Ni wazo lenye busara. Tatizo ni vifungu vilivyotumika kulitekeleza. Vingi vimetokana na Sheria ya Uzururaji ya Uingereza ya 1824, iliyotungwa kwa ajili ya maskini na wanajeshi waliorudi vitani hawana makao, ikasafirishwa na ukoloni hadi Afrika. Kifungu cha 176 cha Kanuni ya Adhabu ya Tanzania kimewaweka makahaba wenye utovu wa adabu hadharani kapu moja na ombaomba na wacheza kamari wa barabarani. Kenya, sheria ya taifa inawalenga zaidi wanaoishi kwa mapato ya ukahaba, kisha sheria ndogo za miji kama Nairobi na Mombasa zikaongeza kuzurura kwa nia ya ukahaba. Kwa hiyo mtu huyo huyo anaweza kuwa hana kosa mbele ya taifa, akawa nalo mbele ya jiji.

Angalia sasa kinyume chake: Uingereza yenyewe iliondoa msemo wake wa "kahaba wa kawaida" katika sheria mwaka 2009, ilhali sheria zilizozaliwa na ya kwake zimeendelea kuubeba. Msemo huo ulikuwa na hila mbaya. Uliwezesha mtu kushtakiwa kwa alivyo, si kwa alichotenda usiku ule. Mahakama za Afrika zimeanza kulitazama hilo. Malawi ilibatilisha kifungu kimoja cha uzururaji mwaka 2017, Mahakama ya Katiba ya Uganda ikabatilisha vya kwake Desemba 2022, na katikati, Desemba 2020, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu iliyoko Arusha ilitoa maoni ya ushauri kwamba sheria za uzururaji zinapingana na Mkataba wa Afrika, na kwamba nchi zinapaswa kuzifuta au kuzirekebisha. Yeyote anayeandika sheria ndogo leo kwa kunakili ya zamani anajiandalia kesi.

Kwa upande wa mtaa, mfumo huu unafanya kazi pale kosa la barabarani linapofafanuliwa kwa kitendo: kumfuata mpita njia, kusimamisha magari, kuziba mlango wa mtu. Kwa halmashauri ni mwepesi, kwa kuwa hauhitaji ofisi mpya. Kwa anayeuza unategemea sana tabia ya polisi wa eneo lake, na mfumo unaotegemea tabia ya mtu una bei ambayo haipo kwenye bajeti yoyote. Mwenye kusimama kona anaijua kwa shilingi.

Unamfaa anayetaka sheria ikae mbali na chumba cha mtu, asiyekuwa na kura za kutosha kubadili sheria ya taifa, na aliye tayari kusafisha maneno ya kizamani.

Mfumo wa tatu: kumwadhibu mnunuzi

Sweden ilianza tarehe 1 Januari 1999: kuuza si kosa, kununua ni kosa. Norway na Iceland zilifuata 2009, Kanada 2014, Ufaransa 2016, Ireland 2017. Msingi wake ni kwamba ukahaba ni dhuluma ya mwenye pesa kwa asiye nazo, basi adhabu imwendee mwenye pesa. Ufaransa mnunuzi hutozwa faini hadi yuro 1,500, na akirudia hadi 3,750, na sheria hiyo hiyo ilifuta kosa la awali la kushawishi wateja lililokuwa likiwaangukia wanawake.

Kwenye kona yetu, askari hamgusi mwanamke. Anangojea gari. Anahitaji kuona makubaliano au malipo, na kwa kawaida hunasa kwa kuvizia. Anayeuza anaweza kuitwa shahidi. Hapo pana jambo ambalo sheria haikulikusudia. Mnunuzi akiogopa, hataki kusimama penye taa. Mazungumzo ambayo mwanamke angeyatumia kumpima mtu, anukie pombe au la, gari lina namba au la, yanakatwa kuwa sekunde chache, naye anaingia garini kabla hajajua anakwenda na nani.

Takwimu za mtaa ni za kupendeza kwa juu. Uchunguzi wa serikali ya Sweden uliotoka 2010 ulisema ukahaba wa barabarani ulikuwa umepungua kwa takriban nusu. Wakosoaji walijibu kwamba ni kipindi hicho hicho simu za mkononi na intaneti zilipohamisha biashara duniani kote. Wote wawili wanaweza kuwa sahihi, na kwa mkazi wa barabara ile tofauti hiyo haina maana sana. Yeye alitaka magari yapungue, yamepungua.

Udhaifu mkubwa uko kwenye nyumba. Ukimwacha anayeuza lakini ukamshtaki anayempangisha, unamfukuza kwa mlango wa nyuma. Polisi wa Oslo walikuwa na kampeni kati ya 2007 na 2011 iliyoitwa Aksjon Husløs, yaani Operesheni Wasio na Makazi, ambapo wenye nyumba walionywa wawatoe wapangaji wao au washtakiwe kwa ukuwadi. Jina hilo walilichagua polisi wenyewe.

Ufaransa, watu 261 wanaofanya biashara hiyo waliipeleka sheria kwenye Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya wakidai inahatarisha maisha yao. Julai 2024 mahakama iliamua kwamba haki yao ya maisha ya faragha haikuvunjwa, na kwamba nchi ina uhuru mpana wa kuchagua katika jambo ambalo Ulaya yenyewe haijakubaliana. Uamuzi huo haukusema mfumo ni bora. Ulisema unaruhusiwa.

Unamfaa anayeuona ukahaba kuwa dhuluma lakini hataki kumfunga anayedhulumiwa, na hasa mwenye bajeti ya huduma za kumwezesha mtu kutoka. Ufaransa imeweka njia rasmi ya kutoka yenye posho na kibali cha muda cha kuishi. Ukinakili adhabu ukaacha posho, umenakili nusu.

Mfumo wa nne: leseni na maeneo maalumu

Hapa ndipo ilipo ile mashine. Mji wa Bonn, Ujerumani, uliweka mwaka 2011 mashine ya tikiti kwenye barabara ambayo wanawake waliruhusiwa kusimama usiku. Kila mmoja alilipa yuro 6 kwa usiku, hata awe na wateja wangapi, akachukua karatasi yake. Zurich, Uswisi, ilikwenda mbali zaidi: wapiga kura walikubali 2012, na Agosti 2013 ukafunguliwa uwanja wenye vibanda vya kuegesha gari, nje kidogo ya katikati ya mji, wenye vitufe vya dharura, mabafu na wahudumu wa jamii. Ada ilipofunguliwa ilikuwa faranga 5 kwa usiku.

Ukiuliza askari anahitaji kuona nini, jibu ni karatasi. Yuko ndani ya eneo? Saa imefika? Amejisajili? Uholanzi iliondoa marufuku ya madanguro tarehe 1 Oktoba 2000 na kuziachia manispaa utoaji wa leseni. Taifa linataka umri wa miaka 18, Amsterdam inataka 21. Ujerumani ilihalalisha kwa sheria ya 2002, kisha sheria ya 2017 ikaongeza usajili wa lazima, ushauri wa afya wa mara kwa mara, kondomu kwa lazima na kibali kwa wenye madanguro. Miji yenye watu hadi 50,000 inaweza kufungiwa biashara hiyo kabisa. Nevada, kaunti ndizo zinazoamua, na yenye watu 700,000 au zaidi hairuhusiwi kutoa leseni, ndiyo maana Las Vegas, kinyume cha wanavyoamini wageni wengi, ukahaba ni kosa. Senegal imekuwa na usajili wa wanawake wa miaka 21 na zaidi tangu 1969, kwa kadi ya afya na vipimo vya kila mara.

Kwa mtaa, hakuna mfumo unaompa diwani mamlaka makubwa kuliko huu. Anachora mstari kwenye ramani. Lakini usajili una watu wake wa nje ya lango: asiye na vibali vya uhamiaji, anayefanya kwa msimu, anayeogopa jina lake kubaki kwenye faili la serikali. Mwishoni mwa 2023 Ujerumani ilikuwa na waliosajiliwa takriban 30,600, na hakuna anayeamini kwamba hao ndio wote. Wasiosajiliwa wanaishi chini ya mfumo wa marufuku ndani ya nchi ya leseni. Halafu leseni hunufaisha mwenye mtaji wa kujenga danguro lenye milango ya dharura kuliko wanawake wawili waliokodi chumba.

Unamfaa mwenye utawala wa mitaa ulio na wakaguzi, mafaili yanayotunzwa siri, na rushwa ndogo. Kila leseni ni mlango wa mtu kuomba kitu kidogo.

Mfumo wa tano: kuondoa jinai

Watu huuchanganya na wa nne. Kuhalalisha ni kuitungia biashara sheria yake maalumu. Kuondoa jinai ni kuifuta kwenye kanuni ya adhabu na kuiacha chini ya sheria za kawaida za kazi, afya, kodi na ujenzi.

New Zealand ilifanya hivyo Juni 2003 kwa kura 60 dhidi ya 59, mbunge mmoja akijizuia kupiga kura. Wanawake hadi wanne wanaweza kufanya kazi pamoja bila cheti cha uendeshaji, kila mmoja akijitawala, kwa hiyo lile tatizo la Uingereza la wawili kuwa danguro halipo. Mtu ana haki ya kumkataa mteja wakati wowote. Mwaka 2014 baraza la haki za binadamu la nchi hiyo lilimpa mwanamke mmoja fidia ya dola 25,000 za New Zealand kwa sababu mwendesha danguro alimsumbua kingono kwa maneno. Kesi hiyo ndiyo ninayowatajia watu wanaoniuliza sheria hii ilibadilisha nini hasa.

Askari kwenye kona hana la kuona, mpaka itokee kelele, tishio, uchafu au tendo la aibu, na hayo anayashughulikia kama angemshughulikia mlevi yeyote. Hapo ndipo wakazi wanaponung'unika. Halmashauri zinaweza kutunga sheria ndogo kuhusu mahali pa madanguro na mabango yake, lakini zikibana kiasi cha kuwa marufuku iliyojificha, mahakama huzikata. Christchurch iliona hivyo mwaka 2005. Mswada wa kuwezesha ukahaba wa barabarani uzuiwe katika maeneo fulani ya Auckland ulianguka bungeni 2015. Nao mfumo huu una lango lake: mwenye viza ya muda haruhusiwi kufanya kazi hiyo, na ndiye anayeogopa kuripoti.

Ubelgiji iliondoa jinai Juni 2022, na kuanzia Desemba 2024 ikaruhusu mikataba ya ajira yenye likizo ya uzazi na malipo ya ugonjwa. Majimbo kadhaa ya Australia yako humu, New South Wales tangu 1995.

Unamfaa anayetanguliza usalama wa anayeuza na afya ya umma. Haumfai anayetaka sheria iseme kwamba jamii haikubali, wala mji ambao sheria zake za kawaida za kelele na usafi hazitekelezwi hata kwa baa.

Sasa uko upande gani

Kama kero yako ni barabara moja, achana na mifumo yote mitano. Andika wanachofanya: magari kusimama saa ngapi, ngono hadharani wapi, taka gani. Sheria ya aibu ya hadharani na ya kero inatosha, pamoja na taa na pipa la taka.

Kama wewe ni wa afya, uliza kwanza kama kondomu inaweza kuwa kielelezo mahakamani. Jibu likiwa ndiyo, pigania hilo kabla ya mjadala mkubwa, maana linaweza kurekebishwa chini ya mfumo wowote. Vipimo vya lazima vya mfumo wa leseni vinawafikia waliosajiliwa tu.

Kama kinachokuuma ni usafirishaji wa binadamu, jiandae kwa ushahidi unaovutana. Utafiti wa Cho, Dreher na Neumayer wa 2013 uliona nchi zilizohalalisha huripoti wahanga wengi zaidi wanaoingia, lakini takwimu hizo hutegemea kila nchi inavyohesabu, na watafiti wenyewe walitahadharisha. Mimi ningeuliza kitu kimoja kuhusu rasimu: mhanga akitoka mlangoni usiku huu akamkuta askari, atakuwa shahidi au mshtakiwa? Mfumo wa tatu na wa tano hujibu vizuri zaidi, ilimradi suala la viza lishughulikiwe.

Kama uko kwenye mdahalo, mfanye mpinzani wako aseme kama anamaanisha kuhalalisha au kuondoa jinai. Wengi hutetea moja kwa mifano ya nyingine.

Na kama wewe ni diwani, huna uwezo wa kuondoa jinai. Sheria ndogo haiwezi kuishinda ya taifa. Unao uwezo wa kuchagua vitenzi. Chukua kalamu, pitia rasimu, ukate kila "kwa nia ya", kila "mavazi yasiyo ya staha" na kila "anayejulikana kuwa". Mahali pake andika kitendo, mahali na saa. Kisha mwite mkuu wa askari wa halmashauri, umpe kifungu kilichobaki, umuulize angemkamata nani kwenye kona ile saa tano usiku, na kwa ushahidi gani. Akianza kukueleza gauni lake lilivyokuwa, rudisha rasimu mezani.